Kura ya Mwakilishi Wetu

Melissa Hortman aligombea kiti cha Baraza la Wawakilishi la Minnesota mwaka 1998, akashindwa. Akarudi 2002, akashindwa tena. Mwaka 2004 alijitosa mara ya tatu, akambwaga mbunge aliyekuwa akikikalia kiti hicho kwa kura mia chache tu, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumng'oa kwa sanduku la kura. Alikaa barazani miaka ishirini, sita kati ya hiyo akiwa Spika, mpaka usiku wa kuamkia Juni 14, 2025, mtu aliyevaa kama askari polisi alipobisha mlangoni kwake akamuua yeye na mumewe, Mark.

Naishi Brooklyn Park, mji ulio kaskazini ya Minneapolis, na Hortman alikuwa mwakilishi wa mtaa wangu. Hatukuwa marafiki. Sikuwahi kuketi naye meza moja, na sitamtilia maneno mdomoni leo ambapo hawezi kunisahihisha. Nilikuwa mpiga kura wake, na baadaye mmoja wa watu wanaozunguka mitaani na karatasi za chama chake. Ninayoyajua nimeyajua kutokea huko chini, na naamini huko chini ndiko kazi ya mbunge inakoonekana vizuri zaidi.

Nilizaliwa Voi, nikakulia Likoni, na picha ya mheshimiwa niliyokuja nayo Marekani ilikuwa ya mtu anayefika na msafara wa magari. Akishuka, akina mama wanampokea kwa nyimbo na leso. Anatoa mchango wa harambee, analipa karo ya mtoto wa huyu na jeneza la babu wa yule, kisha vumbi linatimka na hamumwoni tena hadi msiba mwingine. Hatukumwuliza amepiga kura gani bungeni. Tulimwuliza ametuletea nini. Siwalaumu wazee wetu kwa hilo. Pale ambapo zahanati haina dawa na shule haina paa, mtu mwenye pesa mfukoni ndiye zahanati na ndiye shule, na kumwuliza habari za miswada kungekuwa anasa. Lakini mazoea yale nilivuka nayo bahari, na wengi wetu tunaoishi huku bado tunayo. Tunamjua rais wa Marekani, tunabishana juu yake usiku kucha. Mbunge wa jimbo hatumjui hata kwa jina.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba mambo mengi yaliyokuwa yakininyima usingizi hayaamuliwi Washington. Leseni ya kuendesha gari ni ya jimbo. Shule za watoto, barabara, sheria za mwenye nyumba na mpangaji, siku za kuugua kwa mfanyakazi, bima ya afya ya mtu wa kipato cha chini, yote yanapita mikononi mwa bunge la jimbo lililoko St. Paul. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, kazi wanayoifanya Wakenya wengi mno huku, na malipo ya nyumba hizo kwa sehemu kubwa yanategemea viwango vinavyopangwa na serikali ya jimbo. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akigusa mshahara wangu kwa karibu zaidi hakuwa rais. Alikuwa mwanasheria mmoja aliyeishi upande wa pili wa mji wetu.

Bunge hilo lina wawakilishi 134 na maseneta 67. Mwakilishi anachaguliwa kila baada ya miaka miwili, na kwa hesabu ya sensa ya 2020 kila mmoja anawakilisha watu takriban 42,600, ambao katika miji yetu ni vitongoji vichache tu. Katiba ya jimbo inataka vikao vya kawaida vimalizike mwezi Mei, na visizidi siku 120 katika miaka miwili. Mshahara wa mbunge ulipopandishwa mwaka 2023 ulikuwa dola 51,750 kwa mwaka. Kwa Minnesota hizo si pesa za kutajirika. Muuguzi aliyesajiliwa anamzidi. Wabunge wengi wana kazi nyingine: walimu, wakulima, mawakili. Hortman mwenyewe alikuwa wakili, na akiwa bado kijana aliwahi kusimamia kesi ya mpangaji aliyebaguliwa katika nyumba, na mahakama ikaamuru mpangaji huyo alipwe zaidi ya dola 490,000. Mkenya akitaka kumlinganisha na mtu wa nyumbani, amfikirie mwakilishi wadi wa zile wadi 1,450 tulizozipata na katiba mpya, ila huyu ana mamlaka mapana kuliko wa kwetu: anapitisha bajeti ya mabilioni na sheria za jinai.

Niliingia katika kazi za chama kupitia kokasi, mkutano wa mtaa unaofanyika usiku mmoja wa Februari, kwa kawaida katika ukumbi wa shule. Nje barafu, ndani taa kali na harufu ya sabuni ya sakafu. Watu wa kituo kimoja cha kura wanakaa meza moja. Kwetu kulikuwa na mwalimu mstaafu Mzungu, kijana wa Kihmong, mama wa Kiliberia aliyekuja na wajukuu kwa sababu hakuwa na wa kumwachia, na sisi Wakenya wawili. Mtu yeyote pale anaweza kuandika pendekezo kwenye karatasi, likasomwa, likapigiwa kura, likapanda ngazi. Meza hiyo hiyo inachagua wajumbe wa mkutano mkuu wa eneobunge, na huko mgombea anayetaka baraka za chama cha DFL (ndilo jina la Wademokrati wa Minnesota) lazima apate asilimia 60 ya wajumbe. Nilistaajabu kuona kwamba mlango wa kuingilia siasa za jimbo hili ulikuwa wazi kiasi kile na sisi tulikuwa tumepita mbele yake miaka yote bila kuusukuma.

Baada ya hapo ni kugonga milango. Sijui njia nyingine inayomfundisha mtu siasa kama hiyo. Unapewa orodha ya nyumba, unapewa karatasi za kuacha mlangoni, na unaambiwa, kama alivyotuambia mama mmoja mzee aliyekuwa akitufundisha, "Msibishane na mtu kizingitini kwake. Mwulizeni linalomsumbua, mwandike, mshukuru, mwende." Eneobunge la 34B linachukua sehemu za Brooklyn Park, Champlin na Coon Rapids. Ukigonga Champlin, mtu anakwambia kodi ya nyumba imempanda na pensheni haikupanda. Coon Rapids wanakwambia barabara. Ukirudi Brooklyn Park, karibu na Zane Avenue, mama anakufungulia mlango nusu, anaangalia beji yako kwanza, kisha anasema kodi ya pango, basi la shule, mume anayeendesha gari bila leseni kwa sababu hana makaratasi. Watu hao wote wana mwakilishi mmoja, na ana kura moja. Mgombea aliyeshinda kwa kura mia chache hawezi kuisahau milango hiyo, na nadhani ndiyo maana waliowahi kumfanyia Hortman kampeni walizungumza juu ya hesabu kuliko hotuba. Nani atapiga, nani amehama, nani bado hajaamua.

Hesabu hizo alizihamishia barazani. Alipoanza kazi ya kiongozi wa wachache mwaka 2017, chama chake kilikuwa na viti 57 dhidi ya 77 vya Republican. Mwaka huo huo kulitokea jambo lililonifanya nilishike jina lake. Wabunge wanawake, kadhaa wao wasio Wazungu, walikuwa wakichangia mjadala wa mswada wa kuwaongezea adhabu waandamanaji wanaofunga barabara kuu, na ukumbi ulikuwa na viti vitupu. Hortman akatumia kanuni ya baraza inayowalazimisha wabunge wote kurudi ukumbini, na akasema wazi kwamba huko nyuma wanaume Wazungu walikuwa wakicheza karata. Wakamtaka aombe radhi. Akakataa, akasema amechoka kuona wenzake wakitoa hotuba nzito na hakuna anayewasikiliza. Kwa sisi tuliozoea kuingia mikutanoni na kuongea na migongo ya watu, tukio lile lilikuwa na uzito. Hakuwa anajitetea yeye. Alikuwa anataka wengine wasikilizwe.

Novemba 2018 viti 57 vikawa 75. Januari 2019 akawa Spika, mwanamke wa tatu kushika kiti hicho katika historia ya Minnesota.

Nataka kukaa kidogo kwenye habari ya leseni, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha subira ya sheria. Tangu 2003 kanuni za Minnesota zilimzuia mtu asiye na hati za uhamiaji kupata leseni ya udereva. Kwa asiyejua majira ya huku, hiyo ina maana ya baba anayetakiwa kufika kiwandani saa kumi na moja alfajiri, baridi imeshuka chini ya sifuri kwa nyuzi ishirini, basi hakuna, na chaguo lake ni kukosa kazi au kuendesha gari moyo ukiwa mkononi. Jirani yangu aliendesha hivyo kwa miaka. Hakupita spidi hata siku moja, hakusikiliza redio, na kila alipoona gari la polisi nyuma yake aliingia kituo cha mafuta akasubiri lipite. Watoto wake walijua kunyamaza bila kuambiwa.

Baraza la Wawakilishi chini ya Hortman lilipitisha mswada wa leseni mwaka 2019. Ukafia Seneti, ambayo ilikuwa ya Republican. Watu wetu wengi walikata tamaa hapo. Walisema wanasiasa ni wale wale. Kumbe kilichopungua kilikuwa viti vichache vya Seneti. Uchaguzi wa 2022 ulipoipa DFL viti 70 kati ya 134 katika baraza na 34 kati ya 67 katika Seneti, yaani kura moja tu ya ziada, mswada ule ule ulirudi na Gavana Tim Walz akautia sahihi Machi 7, 2023. Ulianza kutumika Oktoba 1. Jirani yangu alipopata leseni aliiweka mezani watoto waiangalie. Sasa akienda kazini husikiliza redio.

Kikao cha 2023 kilikuwa na mengi zaidi. Jimbo lilikuwa na ziada ya bajeti ya dola bilioni 17.5, na walio wengi kwa kura moja waliamua kutosubiri. Chakula cha asubuhi na mchana shuleni kikawa bure kwa kila mtoto, wa tajiri na wa maskini, bila fomu ya kujieleza. Waliotoka gerezani wakarudishiwa haki ya kupiga kura. Umeme wote wa kampuni za jimbo ukawekewa lengo la kutotoa kaboni ifikapo 2040, jambo ambalo Hortman, aliyepigania umeme wa jua tangu sheria ya 2013, alikuwa amelifanyia kazi muda mrefu. Likizo ya malipo ya familia na ya ugonjwa ikapitishwa, ianze 2026. Na katika sehemu yetu ya kazi iliundwa bodi ya viwango vya wafanyakazi wa nyumba za wazee, ambamo wafanyakazi wana viti vyao sawa na waajiri. Kuanzia Januari 2024 kila saa 30 za kazi zinamletea mfanyakazi saa moja ya likizo ya kuugua yenye malipo. Wenzangu waliokuwa wakija shifti na homa, wakijificha kukohoa, wanajua maana yake kuliko gazeti lolote.

Wapo waliosema chama kilikimbia mno na kitaadhibiwa. Uchaguzi wa 2024 ulileta 67 kwa 67. Kisha mahakama ikaamua kwamba mshindi mmoja wa DFL hakuwa mkazi wa eneobunge lake, na Republican wakabaki na 67 dhidi ya 66 wakitaka kuendesha baraza peke yao. Kuanzia Januari 14, 2025, wabunge wa DFL hawakuingia ukumbini. Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba akidi ni 68, si chini, na baada ya wiki tatu hivi pande mbili zikapatana: Lisa Demuth wa Republican awe Spika, Hortman abaki kiongozi wa chama chake, na madaraka ya kamati yagawanywe. Alikuwa ameacha kiti cha Spika ili baraza lifanye kazi.

Halafu ikaja Juni 9.

Moja ya sheria za 2023 iliwaruhusu watu wasio na makaratasi kujiunga na MinnesotaCare, bima ya jimbo ya watu wa kipato cha chini. Ilianza Januari 2025. Katika kanisa letu kuna mama mmoja mwenye sukari na presha, ameishi huku miaka mingi, amelea watoto wa watu na kuwafunga macho wazee wa watu, na hakuwahi kuwa na bima tangu visa yake iishe. Mwaka huo kwa mara ya kwanza alikuwa na daktari wake mwenyewe anayemjua kwa jina. Aliacha kugawa vidonge nusu.

Republican walisema hawatapitisha bajeti mpaka bima hiyo iondolewe. Bila bajeti kufikia Juni 30, ofisi za serikali zingefungwa, wafanyakazi wakae nyumbani bila mshahara, na huduma nyingi zisimame. Kile kiti cha DFL kilikuwa kimejazwa, baraza lilikuwa tena 67 kwa 67, na sheria inahitaji kura 68. Makubaliano ya viongozi yalikuwa kwamba watoto wabaki na bima, watu wazima waondolewe mwaka ukiisha, na mswada huo upigiwe kura peke yake. Warepublican walikuwa na 67 zao. Ilitakiwa kura moja kutoka upande wa pili.

Hortman akaitoa yeye. Katika chama chake chote barazani, ni yeye peke yake. Matokeo yalikuwa 68 kwa 65. Baadaye, mbele ya waandishi wa habari, alilia, akakiri kwamba anajua watu wataumia kwa kura ile.

Mama wa kanisani alinipigia simu kesho yake.

"Mwanangu, huyo mama yenu amenitoa kwenye bima."

"Nimesikia, mama."

"Na nyinyi ndio mliomgongea milango."

"Ndiyo, mama. Ni sisi."

Hakupaza sauti. Aliniuliza kama kuna kliniki inayotoza kulingana na kipato, nikamwambia nitatafuta, tukaagana.

Mpaka leo naona sheria ile ilikuwa mbaya. Kumnyima mtu mwenye sukari daktari wa kila mwezi hakuokoi pesa. Kunamsubirisha mpaka apelekwe chumba cha dharura, na gharama ya dharura mtu fulani hulipa. Ilikuwa pia dhuluma kwa watu wanaofanya kazi na kukatwa kodi. Kifo cha mtu hakibadilishi ukweli huo, na sidhani yeye mwenyewe angetaka tuufiche. Lakini nimefikiria sana namna alivyoipiga. Alikuwa kiongozi wa chama. Angeweza kumwita mbunge mgeni, au mwenye eneobunge ambako kura hiyo isingemgharimu kitu, akamwambia abebe. Viongozi hufanya hivyo kila siku. Kule kwetu tumeona mawaziri wakitumwa kutangaza mabaya ilhali wakubwa wao wamesafiri. Yeye alitia saini makubaliano, kisha akaenda mwenyewe kubonyeza kitufe, jina lake likaandikwa, wenzake wote wakabaki safi mbele ya wapiga kura wao. Watu wa Brooklyn Park ambao wangeumia walijua ni nani wa kumpigia simu.

Nimewahi kusikia watu wakimpima mbunge kwa kura moja, nzuri au mbaya. Mwaka 2023 mama yule yule alimwombea Hortman madhabahuni. Ukiweka leseni, chakula cha shule, siku za kuugua na bodi yetu upande mmoja, na Juni 9 upande mwingine, hupati jumla inayomridhisha kila mtu, na sitajaribu kuipiga. Ninachoweza kusema ni kwamba katika miaka yote ile hakuwahi kujificha nyuma ya mtu.

Siku tano baada ya kura ile, Jumamosi alfajiri, nilikuwa natoka shifti ya usiku simu yangu ilipopiga mlio wa dharura. Wakazi walio ndani ya maili tatu kutoka uwanja wa gofu wa Edinburgh wasitoke nje. Wasimfungulie mlango askari aliye peke yake. Askari wa kweli watakuja wawili. Wiki zile watu wetu walikuwa tayari wanaogopa kila mlango unaobishwa, kwa habari za maofisa wa uhamiaji, na sasa serikali yenyewe ilikuwa inatuambia sare si ushahidi. Niliegesha gari mbali nikawapigia wanangu wasisogee dirishani. Tulijua habari kidogo kidogo. Kwanza Champlin, Seneta John Hoffman na mkewe Yvette wamepigwa risasi, wako hai. Kisha jina la mwakilishi wetu, na Gavana Walz akitamka kwamba ni mauaji ya kisiasa.

Mama wa kanisani alinipigia tena mchana huo. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Watoto wake wako wapi?" Nilimwambia ni watu wazima, wako wawili, wako salama. Akasema, "Wamebaki mayatima kwa usiku mmoja," akaanza kuomba kwenye simu, nami nikanyamaza nikamwitikia.

Sisi Wakenya hatukuwa wageni wa habari hizi. Pio Gama Pinto aliuawa Nairobi mwaka 1965 akitoka nyumbani kwake, Tom Mboya 1969, J.M. Kariuki 1975. Mwaka huo huo wa 2025, Aprili 30, mbunge wa Kasipul, Charles Ong'ondo Were, alipigwa risasi Nairobi. Wengi wetu tulikuja huku tukiamini tumeyaacha hayo nyuma. Tofauti niliyoiona ni kwamba nyumbani huuawa mtu anayetishia kukalia kiti kikubwa, lakini hapa aliuawa mwakilishi wa vitongoji, asiye na walinzi getini wala ukuta. Mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo alikamatwa kesho yake, baada ya msako mkubwa kuliko wowote katika historia ya jimbo.

Juni 27 jeneza lake lilikaa katika jengo la bunge, St. Paul, pamoja na la Mark na majivu ya mbwa wao, Gilbert. Hakuna mwanamke aliyewahi kupewa heshima hiyo Minnesota kabla yake. Nilipanga foleni. Walikuwepo wafanyakazi wa nyumba za wazee wakiwa bado na sare, wabunge wa vyama vyote viwili, Waliberia wengi, na watu wenye mbwa.

Tangu hapo wapo wanaoniuliza kama bado nitagonga milango, na wapo vijana wetu wenye akili na elimu waliokuwa wakifikiria kugombea, wazazi wao wakawazuia. Nawaelewa wazazi. Hata hivyo nawaomba wamtazame Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, ambaye Novemba 2024 alichaguliwa kuwakilisha eneobunge la 38A, jirani yetu kabisa. Alikuwa na miezi mitano tu barazani siku ile ya Juni, na alirudi kazini. Kiti chake kisingekuwepo kama kila mtu angeogopa, na kama hatutagombea sisi, sheria za leseni zetu na bima zetu zitaendelea kuandikwa na watu ambao hawajawahi kuishi bila hizo. Bima ya yule mama ilikoma mwaka 2025 ulipoisha. Anatibiwa katika kliniki tuliyoipata, na anasubiri zaidi.

Septemba 16, 2025, wapiga kura wa 34B walimchagua Xp Lee, aliyekuwa diwani wa Brooklyn Park, kumaliza kipindi cha Hortman, na baraza likarudi 67 kwa 67. Kwa maneno mengine, kiti kimoja tu, katika eneobunge lolote kati ya 134, kinaweza kuamua kama bima ile irudi au isirudi.

Viti vyote vitapigiwa kura Novemba 3, 2026. Ndugu yangu uliye raia na unaishi Minnesota, huna haja ya kuwa umejisajili mapema. Unaweza kujisajili kituoni siku hiyo hiyo. Kama kitambulisho chako hakina anwani mpya, mpiga kura aliyesajiliwa wa kituo chako anaweza kukushuhudia kwamba unaishi hapo, na sheria inamruhusu kuwashuhudia watu wanane. Tafuta nambari ya eneobunge lako, ulijue jina la anayekuwakilisha, umpigie simu kabla hujahitaji msaada wake, na siku hiyo njoo na majirani zako.